Namba ya tatu kwenye mashine ya presha

Wifi yangu ni fundi cherehani katika mji mdogo mkoani Tanga. Mimi ni muuguzi, na kazi hii nimeifanya miaka 16. Nayatanguliza haya mawili kwa kuwa kisa ninachokichambua ni chake, lakini kosa kubwa lililomo ndani yake ni la watu wa kazi yangu, mimi nikiwemo. Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akakubali kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiseme kwamba siku ya eko, kipimo cha picha ya moyo, alilia. La kwanza nimelitimiza.

Mambo yalianza 2019, wiki ya mwisho ya Ramadhani. Fundi yeyote wa nguo anaijua wiki hiyo: madera, kanzu za watoto, na kila mteja anataka yake itoke kwanza. Wifi aliinama kuokota mkasi chini ya meza. Alipoinuka, moyo ulikuwa unakimbia. Mtu akishtuka moyo humpanda, lakini anajua kilichomshtua, na ukimshuka humshuka polepole. Huu ulianza kwa pigo moja tu, kama mbuzi aliyekata kamba. Tangu siku hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwao: "Leo umekata kamba." Aliketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akasubiri. Zilipita dakika kama 20, moyo ukatulia, nao ukatulia kwa pigo moja vilevile, kama taa iliyozimwa. Kisha akaenda msalani mara tatu ndani ya saa moja, mkojo mwingi na mweupe kama maji, na yeye alikuwa amefunga tangu alfajiri.

Nimelieleza tukio hilo la kwanza kwa urefu kwa sababu ugonjwa wote umo humo. Kuanza ghafla, kuisha ghafla, kuinama, mkojo mwingi baadaye. Wifi aliyasimulia hayo, karibu kwa maneno yaleyale, mbele ya watu sita wa afya katika muda wa miaka minne. Daftari lake la matibabu ninalo hapa mezani. Simulizi lote hilo limebaki maneno matatu, yanarudiwa ukurasa baada ya ukurasa: moyo kwenda mbio.

Mara ya kwanza alikwenda zahanati, kesho yake asubuhi, moyo umeshatulia. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa presha, 128 kwa 82. Akaambiwa, "Punguza mawazo, dada, na chai ya rangi." Aliporudi nyumbani alimwuliza mume wake, "Mawazo gani? Mimi nina oda za watu."

Mara ya pili ndiyo inayonikera hadi leo. Ilikuwa miezi mitano baadaye, kamba imekatika saa nne asubuhi sokoni, na jirani yake muuza viatu akampakia kwenye bodaboda moja kwa moja hadi kituo cha afya. Alifika moyo ukiwa bado unakimbia. Sikiliza hilo vizuri, kwa maana bahati ya namna hiyo ilichukua miaka mitatu na nusu kurudi. Muuguzi wa mapokezi, mwenzangu, alimvalisha mkanda wa mashine ya presha ya betri, ile inayojaa upepo yenyewe, akasubiri, akaandika: 96/62. Wakasema presha imeshuka. Wakamtundikia dripu. Chupa ikiwa nusu, moyo ukatulia, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na ushauri wa kunywa maji mengi na kula chumvi kidogo zaidi.

Mashine ile ya betri haionyeshi namba mbili. Inaonyesha tatu. Ya juu na ya kati ni presha, ya chini kabisa, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo zaidi, ni mapigo ya moyo kwa dakika. Asubuhi ile namba ya tatu ilikuwa inawaka palepale kwenye kioo mbele ya watu wawili. Kama ilisoma 180 na kitu, na sina sababu ya kudhani ilisoma vingine, basi jibu la miaka minne lilikuwa limeshapatikana kwa betri nne ndogo. Kwenye daftari, chini ya 96/62, hakuna kitu.

Nilipoliona hilo nilikasirika, nikaenda kazini na hasira zangu, nikafungua rejista ya zamu yangu mwenyewe ya wiki ile. Presha zote zipo. Safu ya mapigo iko wazi ukurasa mzima, isipokuwa mahali nilipojaza 80, 80, 80, ambazo kila muuguzi anayesoma hapa anajua zilitoka wapi.

Tuseme kidogo kuhusu mashine hizo, nisije nikamlaumu mwenzangu kupita kiasi. Mapigo yakienda kasi sana au yakipishana bila mpangilio, mashine ya betri hukosea, au hukataa kabisa na kuandika kosa. Lakini hata kosa ni habari. Mashine ikikataa mara mbili kwa mtu anayesema moyo unamkimbia, unaweka vidole kwenye kifundo cha mkono au sikio kwenye kifua, unatazama saa, unahesabu. Moyo wa mtu mzima aliyekaa hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukihesabu ukashindwa kwa sababu ya kasi, kule kushindwa nako ni jibu.

Baada ya hapo wifi alipewa majina mengi. Presha ya kushuka. Vidonda vya tumbo. Upungufu wa damu, ambao kweli alikuwa nao, damu ilikuwa 10.9, akapewa vidonge vya madini ya chuma na uchovu ukapungua, ila kamba iliendelea kukatika. Mama mkwe akamwita shehe akamsomea. Watu wa kazi yangu hupenda kucheka hapo. Mimi sicheki, kwa sababu shehe na dripu walifanya kazi ileile: wote wawili walikuwepo moyo ulipotulia wenyewe. Ugonjwa unaokuja na kuondoka bila kuombwa humpa sifa yeyote aliyesimama karibu. Maji ya chumvi, kisomo, kitunguu saumu, kidonge cha tumbo, kila kimoja kilimponya wifi angalau mara moja.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa Dodoma kikazi, tunaongea kwa simu. Ananieleza, nami nikiwa na mambo yangu namwambia, "Wifi, acha kahawa." Aliacha. Haikusaidia.

2021 alikwenda hospitali kubwa ya kulipia, kwa pesa ya kikoba. Hapo kwa mara ya kwanza alipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Vibandiko kumi, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, dakika chache, karatasi yenye miraba ya waridi ikatoka. Mapigo 76, mpangilio wa kawaida. Eko ikafuata, ambayo ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: kuta nzima, milango inafunga vizuri. Hiyo eko ilikuwa na maana kubwa, nitairudia. Daktari akamwambia moyo wake ni mzima kabisa, akamwandikia dawa ya usiku ya kutuliza wasiwasi. Wifi akauliza, "Kwa hiyo najifanyia mwenyewe?" Hakujibiwa.

Karatasi ile haikudanganya. Ilisema kweli tupu kuhusu sekunde 10 ambazo wifi hakuwa na tatizo. Hesabu ni rahisi. Wakati huo kamba ilikuwa inakatika kama mara mbili kwa mwezi, dakika 20 kila mara. Hizo ni dakika 40 kati ya dakika 43,200 za mwezi. Ukimpima mtu kama huyo saa ya miadi, amekaa, amepumzika, unapiga picha ya nyumba mchana kuuliza kama huwa inaibiwa usiku. Kilichopaswa kuandikwa chini ya ile karatasi ni: kawaida, imepimwa wakati mgonjwa hana dalili. Maneno hayo machache yangembadilishia wifi miaka miwili, kwa sababu kila aliyemwona baadaye alifungua faili, akaona "ECG kawaida", akafunga.

Kuhusu jina la wasiwasi, hakuwa peke yake. Marekani mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 107 waliothibitika kuwa na mbio za moyo za aina hii. Theluthi mbili yao dalili zao zilitosha kuitwa ugonjwa wa hofu ya ghafla ukizisoma kwenye orodha ya vigezo, na zaidi ya nusu hawakutambuliwa walipoonwa mara ya kwanza. Wanawake ndio waliobandikwa jina la hofu zaidi kuliko wanaume. Haishangazi. Moyo ukikimbia mara 180 kwa dakika bila sababu, mtu ataogopa, atatetemeka, atahisi anakufa. Hofu ilikuwepo kweli. Ilikuja nyuma ya moyo, nao wakaiweka mbele.

2022 ikaja habari ya Holter. Ni kifaa kidogo kinachovaliwa na kurekodi umeme wa moyo mfululizo, kimebeba jina la Norman Holter, mtu wa Montana, Marekani, ambaye chombo chake cha kwanza kilibebwa mgongoni kikiwa na uzito wa kilo 38 hivi. Cha leo unakificha chini ya kanga. Kwa wifi kilikuwa Dar es Salaam, na gharama ilikuwa gharama. Aliuza mashine yake ya ovaloki. Mtu asiyeshona hawezi kujua uzito wa sentensi hiyo: fundi asiye na ovaloki anapeleka nguo za wateja kwa fundi mwingine kumaliziwa kingo, na faida inabaki huko.

Alivaa saa 24. Akapanda ngazi kwa makusudi, akainama, akabeba ndoo, akaukaribisha ugonjwa kama mgeni. Haukuja. Ripoti: kawaida. Siku ya nne, ndani ya basi akirudi, wamevuka Chalinze wanakaribia Mkata, kamba ikakatika, dakika 35, ameegemea kioo cha dirisha na mfuko wa machungwa mapajani.

Hapa kuna kosa la pili la kisa hiki, na ni la kupanga. Kama tukio linakuja mara moja katika siku 15 au 16, kipimo cha siku moja kina nafasi moja kati ya 15 au 16 ya kulikuta. Huo ni wavu mdogo kwenye bahari kubwa. Holter ya siku moja inamfaa mtu anayepatwa kila siku au karibu kila siku. Anayepatwa mara mbili kwa mwezi anahitaji kifaa cha kuvaa wiki kadhaa, ambavyo kwetu ni adimu, au njia nyingine ya kumfikisha kwenye ECG moyo ukiwa bado unakimbia. Kabla hajauza ovaloki, mtu alipaswa kumwuliza: huwa inakupata mara ngapi? Lilikuwa swali la bure.

Nilihamia Tanga mwishoni mwa mwaka huo. Siku moja tumekaa uani tunachambua mchicha, wifi anaeleza ya basi, mwanawe wa miaka tisa akasema bila kuinua kichwa, "Anti, mama ikimkata kamba shingo yake inacheza kama chura."

Nikaacha mchicha. Madaktari wa moyo wana dalili wanayoiita hivyohivyo, ya chura. Vyumba vya juu na vya chini vya moyo vikijikaza kwa wakati mmoja, vya juu vinasukuma damu huku milango imefungwa, damu inarudi kwenye mishipa ya shingo, na shingo inadunda kwa kasi na mpangilio ulio sawa. Mtoto alikuwa ameiona miaka yote. Hakuna aliyemwuliza, na nani amwulize mtoto?

Tukafanya mambo mawili. La kwanza, simu. Nikamwambia yule binti yake, mama ikimkata tena, chukua simu, mrekodi shingo kwa video dakika moja, usiongee. Baada ya siku kumi na moja nikapata video kwa WhatsApp. Shingo, kipande cha kanga, redio ya jirani. Nikaitazama mara nyingi nikihesabu kwa kugonga kalamu mezani: mapigo 47 kwa sekunde 15. Mara nne, ni 188. Yote yamepangana sawasawa kama sindano ya cherehani, hakuna lililopishana. Kwa kipimo cha karatasi hiyo si kitu, daktari hawezi kuandika utambuzi kwa video ya WhatsApp. Lakini ilinitoa mimi kwenye kudhani.

La pili, barua. Niliiandika kwa mkono, tabibu ninayefanya naye kazi akaisoma, akasahihisha, akasaini, tukaitia kwenye mfuko wa plastiki, ikakaa kwenye droo ya cherehani. Ilisema: mgonjwa huyu hupatwa na mapigo ya kasi ya ghafla, kasi iliyohesabiwa 188, vipimo vyote vya awali vilifanywa akiwa hana dalili. Akifika akiwa na dalili, tafadhali apimwe ECG kamili kabla ya usajili na kabla ya dawa yoyote. Pamoja na barua tulipanga njia: bodaboda gani, namba yake, hospitali ipi yenye mashine ya ECG inayofanya kazi na mtu wa kuiwasha usiku. Hilo la mwisho niliuliza mwenyewe kwa miguu. Kuna mahali mashine ipo na karatasi zimeisha.

Machi 2023, Jumanne, saa moja usiku. Nilikutana nao mlangoni. Mhudumu wa mapokezi alitaka kadi kwanza, wifi akatoa mfuko wa plastiki bila kusema neno, yule kijana akasoma mstari mmoja akasimama. Dakika sita baadaye karatasi ilikuwa inatoka.

Nimeshaona ECG nyingi, lakini hii niliishika kama cheti cha ndoa. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Kati ya ncha na ncha kulikuwa na miraba midogo minane. Unachukua 1500 unagawa kwa 8: 187. Mapigo membamba, yenye mpangilio, na lile wimbi dogo la P linalotangulia kila pigo halionekani, limemezwa. Hiyo ndiyo SVT, mbio za moyo zinazoanzia sehemu ya juu.

Nilivyomweleza wifi ni hivi. Umeme wa moyo huanzia juu kulia, unashuka, unapita lango moja la katikati, unasambaa chini, unakwisha. Kila pigo ni gari moja linalofika mwisho wa safari. Kwa baadhi ya watu lango hilo lina njia mbili, ya haraka na ya polepole, au kuna waya wa ziada pembeni waliozaliwa nao. Siku moja pigo likija kabla ya wakati wake, gari linashuka kwa njia moja, linakuta nyingine iko wazi, linapanda nayo, na sasa lipo kwenye kipilefti. Linazunguka bila kutoka, na kila mzunguko ni pigo. Ndiyo maana huanza ghafla, na huisha ghafla pale njia moja inapochoka hata kidogo tu.

Dawa ya kulisimamisha ni adenosini ya sindano, inayofunga lango kwa sekunde chache. Ilikuwa imeisha. Daktari wa zamu, binti mdogo ambaye ningependa kumtaja na sitamtaja, akachukua bomba la sindano la mililita 10, likiwa halina sindano. Akamlaza wifi nusu ameketi, akamwambia apulize ndani ya bomba kwa nguvu hadi ile pistoni isogee, asiachie sekunde 15. Alipomaliza tu, wakamlaza chali, mimi nikainua miguu yake miwili, sekunde 15 nyingine. Njia hii ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 400 na matokeo yakatoka 2015: ilirudisha mapigo ya kawaida kwa watu 43 kati ya 100, wakati kupuliza kwa mtindo wa zamani bila kuinua miguu kulifanikiwa kwa 17 tu. Mara ya kwanza haikufanya kitu. Mara ya pili, miguu ikiwa mikononi mwangu, nikamsikia anasema "Aah." Kwenye kioo, 92.

Tufike kwenye lisilojulikana bado, kwa maana kukamata mbio si kumaliza utambuzi. ECG ya pili, moyo ukiwa umetulia, ilitafutwa mteremko mdogo mwanzoni mwa kila pigo, alama ya waya wa ziada ambayo Wolff, Parkinson na White waliieleza mwaka 1930. Haukuwepo. Pamoja na shingo ya chura, hilo linaelekeza kwenye lango lenye njia mbili, aina iliyo ya kawaida zaidi. Lakini kuna waya za ziada zinazopitisha umeme kwa kurudi tu, hazionyeshi mteremko wowote. Atakayesema kwa uhakika ni yule atakayepitisha nyaya nyembamba kutoka kwenye paja hadi ndani ya moyo na kuupima umeme huko huko. Wakati huohuo anaweza kuichoma njia inayoleta mzunguko. Kwa aina hii, kuchoma huko hufanikiwa kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100. Hatari inayomnyima wifi usingizi ni kuunguza lango lenyewe, mtu akaishia kuwekewa betri ya moyo; hutokea kwa chini ya mmoja kati ya 100, lakini yeye anasema huyo mmoja naye alikuwa na watoto.

Ile eko nimeahidi kuirudia. Kwetu Afrika Mashariki, mwanamke kijana mwenye moyo unaokwenda mbio lazima atazamwe milango ya moyo, kwa sababu homa ya baridi yabisi ya moyo, ile inayoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, huharibu mlango na kuleta mbio za aina nyingine, zisizo na mpangilio, zenye hatari ya damu kuganda na kupooza. Eko nzima ndiyo iliyotupa ruhusa ya kuwa watulivu. Kama wifi angekuwa anazimia, au inampata akiwa anakimbia, au kifua kinambana, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au mapigo yanapishana ovyo, au ana mimba, nisingekuwa nachambua mchicha nikisubiri video. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Na ile ya kupuliza bomba isijaribiwe na mtu ambaye bado hajulikani mbio zake ni za aina gani.

Vipimo vya tezi ya shingo vilirudi vizuri. Alipewa propranolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, baada ya kuulizwa mara mbili kama ana pumu. Kamba inakatika sasa mara moja kwa miezi miwili hivi, na mara nyingi bomba linatosha; binti yake ndiye anayeinua miguu, anahesabu sekunde kwa sauti. Rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo, na ninapoandika haya wifi hajaamua. Anasema kwanza ovaloki.

Nakala ya ile karatasi ya Machi iko kwenye droo ya cherehani, imewekwa kwenye plastiki pamoja na barua. Wiki iliyopita mteja aliikuta akitafuta vifungo, akauliza ni patani ya nini.